Bado Iko Sawa

Injini ya gari la baba ilikufa Agosti 2019, karibu na lile kanisa dogo ambalo wafungwa wa vita wa Kiitaliano walilijenga 1942 kwenye barabara inayopanda kutoka Mai Mahiu. Nilikuwa ndani ya gari. Tulikuwa tumetoka Narok na magunia mawili ya viazi kwenye buti, tunajikokota nyuma ya lori, na ile sindano ya joto ikaanza kupanda. Baba akazima redio, kana kwamba redio ndiyo iliyokuwa ikichemsha gari. Sindano ikakaribia nyekundu. Halafu ghafla ikashuka yenyewe.

"Umeona?" akaniambia. "Imepoa."

Haikuwa imepoa. Hosi ya juu ya rejeta ilikuwa imepasuka, maji yameisha, na sensa ya joto imebaki kwenye hewa badala ya kukaa ndani ya maji. Sensa isiyoguswa na maji inaweza kusoma uongo mtupu. Ule mvuke tuliouona mbele tulidhani ni moshi wa lori. Kwa hivyo tukaendelea kupanda dakika kadhaa huku tunamshukuru Mungu, na chini ya boneti hedi inapinda. Mwishowe injini ikagonga kama mtu anayepiga sufuria kwa chuma, ikazima, na haikuwaka tena.

Injini ya mtumba na kazi ya kuipachika ilikula shilingi 60,000. Hosi iliyopasuka iliuzwa 1,200. Nilikuwa mwanafunzi wa kujilipia, mwaka wa pili, na gari hilo ndilo lililokuwa likitafuta karo. Sitasema mpira ndio ulionitoa chuoni, kwa sababu alama zangu pia zilikuwa na maoni yao. Lakini Septemba wenzangu walirudi darasani na mimi nikaenda gereji kwa fundi wetu, kumsaidia kazi ili deni la baba lipungue. Nilikaa huko miezi minane. Niliyoyaona ndiyo yanayonifanya niandike haya kwa hasira.

Nasema hivi: sisi Wakenya wenye magari ya zamani hatuharibikiwi na magari. Tunayaharibu kwa maneno matatu, "bado iko sawa", halafu tunamtafuta wa kulaumiwa.

Tuanze na mpira wenyewe. Chuma kikichoka mara nyingi hukupa ishara. Beringi inalia, breki inakwaruza, shoka inagonga kwenye shimo. Mpira hauna adabu hiyo. Joto linaukausha polepole mwaka baada ya mwaka, mpaka kitu kilichokuwa laini kama sikio kinakuwa kigumu kama ukoko wa ugali. Oili ikiudondokea, hosi ya rejeta inavimba na kulegea. Na kuna ufa mwingine mbaya zaidi, unaoanzia ndani, karibu na ile klipu, mahali ambapo jicho halifiki. Nje hosi inang'aa, ndani imechanika. Kwa hivyo ukifungua boneti, ukatazama, ukasema iko sawa, hujakagua kitu. Umetazama tu.

Halafu tufanye hesabu ya umri. Serikali haikubali gari lililopita miaka minane kuingia nchini. Sawa. Ina maana gari tunaloliita jipya, lile tunalolifungia utepe na kulipigia picha, mara nyingi linashuka Mombasa na hosi zenye umri wa mtoto wa gredi ya pili. Kisha tunaliendesha miaka mingine kumi na mitano. Corolla za 110, ambazo bado zinabeba nusu ya ukoo wangu, zilitengenezwa Japani kuanzia 1995 hadi 2000. Ile changa kabisa ina robo karne. Muulize mwenyewe alibadilisha lini hosi zake. Atakuambia alibadilisha taa, viti, rimu na redio.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia nikiwa darasani, na linatuhusu sisi wa nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Maji yaliyo kwenye sufuria hapa huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama tulivyokariri. Ukipanda Limuru yanachemka mapema zaidi. Na thamostati ya injini nyingi za petroli hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Ina maana injini yako ikifanya kazi yake ya kawaida tayari iko hatua chache tu kutoka mahali ambapo maji yanageuka mvuke.

Kinachotuokoa ni kani. Kifuniko cha rejeta kinayabana maji, na maji yaliyobanwa hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Lakini kani hiyo inashikiliwa na nini? Kifuniko, rejeta na hosi. Hosi moja ikiwa na tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, kani inatoroka, na umerudi kwenye nyuzi zako 94. Mtu wa Mombasa amepewa na Mungu nyuzi sita za ziada. Sisi hatujapewa. Halafu ndio sisi wenye mlima, wenye lori la mbele linalotambaa, wenye hosi ya mwaka wa 1998. Pale njiani utawakuta watu wamesimama boneti zikiwa wazi, wakisema gari "limeamua" kuchemka. Gari haliamui kitu. Wewe uliamua.

Hizo ni hosi za maji. Kuna zile nyingine nyembamba kama kalamu, za vakyumu, ambazo watu wengi hawajui zipo. Injini inavuta hewa, na unapokuwa umeachilia mafuta, ndani ya manifoldi panabaki mvuto mkali. Mvuto huo una kazi. Unavuta mvuke wa oili ili uchomwe, unavuta harufu ya petroli kutoka kwenye tangi, na kupitia hosi moja nene unakusaidia kukanyaga breki. Hosi mojawapo ikipasuka, hewa inaingia bila kuhesabiwa. Kompyuta ya gari inachanganyikiwa. Gari linatetemeka ukisimama kwenye taa, au linanguruma juu bila kuguswa, linakunywa mafuta, na taa ya injini inawaka.

Na hapo ndipo pesa zinapoanza kumwagika. Nikiwa gereji nilimwona mwalimu mmoja aliyebadilisha plagi, akabadilisha koili, akaosha noza, akauziwa kompyuta nzima ya mtumba. Gari bado linatetemeka. Fundi wetu akainama, akasikiliza kama daktari, akasikia sauti ya "sss" nyuma ya injini. Hosi ya kidole kimoja. Akakata kipande kipya, akakichomeka, injini ikatulia papo hapo. Yule mwalimu hakufurahi, bwana. Alikaa kwenye tairi la zamani akihesabu pesa alizokwisha kutumia.

Na ile nene ya breki ikipasuka, huhesabu pesa. Unakanyaga kanyagio linakuwa gumu kama jiwe, na mbele yako kuna watoto wanavuka.

Sasa tufike kwa wa kulaumiwa. Kwenye makundi ya wenye magari, na kwenye meza za watu waliosoma, jibu liko tayari: mafundi wa jua kali. Hawana elimu, wanabahatisha, wanafunga hosi kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, wanang'oa thamostati na kuitupa wakisema "huku kwetu ni joto, hii ni ya wazungu." Ni kweli, wako wanaofanya hivyo, na ni makosa. Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata moto, inakula mafuta, inazeeka haraka, na kwenye baadhi ya injini inachemka zaidi mlimani, kwa sababu maji yanapata njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta.

Lakini nimechelewesha jambo moja, na lazima niliseme. Wiki tatu kabla ya safari ile ya Narok, baba alipeleka gari kubadilisha oili. Mimi nilikuwepo. Fundi aliibonyeza hosi ya juu, akakunja uso.

"Mzee, hii mpira imekauka. Na hizi za hita pia. Tubadilishe zote mara moja, hata wiki ijayo."

"Pesa ngapi?"

"Kama elfu nne na mia tano, na klipu."

Baba akacheka. "Nyinyi mafundi! Gari ikiingia kwa oili inatoka na bili ya harusi. Hiyo bado iko sawa. Weka oili twende."

Fundi hakubishana. Alinitazama mimi, kijana wa chuo, labda atasikia msaada. Nami nilikuwa nimeuona ule ufa. Ulikuwa mdogo, kando ya klipu, na alama ya kijani iliyokauka kuuzunguka. Nilifikiria karo, nikafikiria hizo 4,500 zitatoka wapi. Nikasema, "Baba, si tunaweza kungoja kidogo?" Muhula huo huo nilikuwa nimefanya mtihani wa uchumi na kujibu swali kuhusu gharama ya kuahirisha uamuzi. Nilipata B.

Kwa hivyo msiniambie habari za mafundi wasio na elimu. Tumejenga soko ambalo fundi mkweli analala njaa. Anayekuambia ubadilishe kitu kabla hakijapasuka unamwita mwizi. Anayekufungia tyubu ukaondoka na mia tatu unamwita fundi mzuri, "ananielewa." Baada ya kuitwa mwizi mara kumi, hata mkweli anajifunza kunyamaza. Anangoja kipasuke, kwa sababu kikipasuka utalipa bila maneno. Ndiyo, wako wezi kwenye gereji, wanaobuni magonjwa. Dawa yake ni kujua gari lako kiasi cha kuweza kubonyeza hosi mwenyewe, si kumziba mdomo kila anayekuonya.

Naijua hoja inayokuja: pesa hakuna. Naiheshimu, nimetoka nyumba hiyo. Lakini tuwe wakweli kuhusu aina mbili za watu wanaoitoa. Wa kwanza ana pesa ya rimu, ya viti vya ngozi, ya spika inayotikisa mtaa. Huyo hana hoja, ana aibu tu ya kununua kitu kisichoonekana. Na wako mabaya kuwaliko: wale wenye gari wanaompa dereva aliendeshe, wanangoja hesabu yao kila jioni, na hosi zikipasuka wanamkata dereva mshahara. Hao waachwe wasome aya hii mara mbili.

Wa pili hana kweli, kama baba. Kwake nasema: wewe ndiye usiyeweza kumudu kungoja. Tajiri akiua injini ananunua nyingine Jumatatu. Wewe unamtoa mtoto shule. Na si lazima ufanye yote siku moja. Mwezi huu hosi ya juu na ya chini. Mwezi ujao za hita na ile fupi inayojificha karibu na thamostati, ambayo kila mtu huisahau kwa sababu haifikiki. Mwezi wa tatu hizo nyembamba za vakyumu, ambazo zinauzwa kwa mita. Methali ya ufa na ukuta sote tuliiandikia insha darasa la nane, tukapata alama, tukafunga daftari.

Na ukienda Grogan kununua, usinunue hosi ya mtumba. Kitu cha chuma cha mtumba sina shida nacho. Lakini hosi ya mtumba kutoka Japani ina umri ule ule wa hosi yako, tofauti ni kwamba imeoshwa. Nunua mpya, nenda na ile ya zamani mkononi mlinganishe mikunjo. Ile ya chini kwenye baadhi ya magari ina springi ndani ili isinywee ikivutwa. Usikubali fundi aitupe kama mpya haina yake. Kwa vakyumu, kataa ule mpira wa plastiki unaopitisha mwanga. Ukipata moto unalainika, na ukipoa unakuwa mgumu. Sema unataka mpira wa vakyumu, wa kipimo kile kile.

Kazi yenyewe haina uchawi. Injini iwe baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa cha moto kinakumwagia uso maji yanayochemka, na uso hauna spea. Kinga maji ya zamani kwenye beseni, usiyaachilie kwenye mtaro. Kulanti ni tamu na ni sumu, mbwa wa jirani atailamba afe. Hosi iliyogandamana usiikwanyue kwa bisibisi, maana shingo ya rejeta ni ya plastiki na nayo imezeeka. Ichane kwa kisu kwa urefu, uibandue kama ganda la muhogo. Klipu za springi zilizokuja na gari zikiwa bado na nguvu, zirudishe, kwa sababu zinaendelea kubana mpira unapopanuka na kunywea. Za kukaza kwa bisibisi, kaza kiasi, kisha uzikaze tena baada ya siku chache.

Za vakyumu, ng'oa moja, weka moja. Usizing'oe zote ukidhani utakumbuka. Piga picha kwanza. Kwenye hosi ya breki kuna vali ya njia moja, na kama ina mshale, uelekee injini.

Ukimaliza, jaza kulanti iliyochanganywa na maji safi yaliyokenekwa, si ya mfereji wala ya mtoni. Na usidanganywe na rangi. Maji ya kijani si kulanti kwa sababu tu ni ya kijani. Washa hita iwe kwenye moto, acha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, hewa itoke, ongeza kinachopungua. Nusu siku, ukiwa na fundi mzuri. Mlipe na nusu siku hiyo, bila kumuuliza kwa nini anadai hela na hakuna kilichoharibika. Unamlipa ndiyo maana hakijaharibika.

Injini ya mtumba ilipofika gereji kwetu, ikiwa imefungwa kwa nailoni, baba alizunguka akaitazama. "Imekuja na hosi zake," akasema. "Bado ziko sawa hizi."

Fundi aliniangalia kama alivyoniangalia siku ile. Safari hii nilikuwa na shilingi elfu tano mfukoni, zilizobaki kutoka pesa niliyokuwa nimeweka ya kujisajili muhula ukianza, kama muujiza ungetokea. Nikamwambia baba, "Hapana." Hatukuwa tumezoea neno hilo kati yetu. Akanyamaza. Nikapanda matatu hadi Grogan, nikarudi na hosi saba na klipu kumi na nne, na jioni ile tukazifunga watu watatu, baba akishika tochi.

Gari hilo bado linapanda Mai Mahiu. Mimi sikurudi chuoni.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha lako, fungua boneti. Shika hosi ya juu karibu na klipu, ubonyeze, kisha ubonyeze katikati, ulinganishe. Ikiwa ngumu kama kijiti, au ikilegea kama ndizi iliyoiva, au ikilia kama karatasi kavu, unajua la kufanya. Na fundi wako akikuambia hivyo hivyo kabla yako, usimcheke.